Lokdauni kwa mtu anayekula kwa siku

Mwaka 2020, korona ilipoingia, maneno matatu yalichanganywa sana vijiweni. Karantini ni kumtenga anayeshukiwa kuambukizwa, kwa siku maalumu. Kafyu ni habari ya saa: muda ukifika, usionekane barabarani. Lokdauni inawafungia wote, wazima kwa wagonjwa, mchana na usiku, na kusimamisha kila kazi isipokuwa zile serikali imeziita za lazima.

Amri ya "kaa nyumbani" ina mambo inayoyachukulia kuwa yapo tayari: mshahara unaoingia hata usipotoka, maji bombani, akiba ya chakula, chumba cha kumweka anayekohoa. Mpangaji wa chumba kimoja Bwaise, Kampala, anayetumia choo kimoja na majirani, hana hata kimoja. Pesa yake ni ya kijungujiko. Asipotoka asubuhi, jioni jiko haliwaki.

Uganda ilijifunga mapema. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa. Tarehe 25 Rais Museveni akasimamisha usafiri wa umma, na siku tano baadaye akazuia pia magari ya binafsi. Bodaboda waliachiwa kubeba mizigo tu, abiria marufuku. Wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea, ila kwa sharti la kulala hukohuko sokoni, na pale soko la Nakasero, Kampala, akina mama walilala chini ya vyandarua kando ya bidhaa zao, watoto wakiwa nyumbani na yeyote aliyepatikana.

Kwenda hospitali kwa gari kulihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais katika wilaya. Uchungu wa uzazi haungoji muhuri. Wapo waliotembea kwa miguu usiku, na malalamiko yalipozidi ndipo wajawazito wakaondolewa sharti hilo mwezi Aprili.

Msaada ulikuja, tuseme ukweli. Kampala na wilaya jirani ya Wakiso waligawiwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. (Waganda huuita ugali "posho", kwetu posho ni chakula cha kupimiwa. Safari hii maana zote mbili zilikutana kwenye gunia moja.) Lakini maharagwe makavu yanataka mkaa wa saa kadhaa, na mkaa hununuliwa kwa pesa ileile iliyokatika. Kodi ya nyumba nayo haikugawiwa na mtu.

Kilichodumu kuliko vyote ni kufungwa kwa shule. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine yakafuata kwa zamu, kisha Juni 2021 zote zikafungwa tena. Zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka 2 tangu zifungwe mara ya kwanza, na hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko hiyo. Wanafunzi walioguswa walikuwa kama milioni 15. Masomo ya redio na televisheni yalikuwepo, kwa mwenye redio na betri.

Siku ya kufungua, baadhi ya shule binafsi zilikuwa zimeshageuzwa biashara nyingine. Walimu wa shule hizo, waliokaa bila mshahara, walikuwa wameshazoea kufyatua matofali au kuendesha boda. Wasichana waliozaa au wenye mimba waliruhusiwa kurudi darasani. Waliorudi, wengine walimwacha mtoto kwa bibi na kukimbia nyumbani kumnyonyesha.