Maafikiano si hesabu ya kura

Katika miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta) uko wazi kwa wote, maafikiano ni hali ya pendekezo kubaki bila pingamizi lenye hoja ambalo halijajibiwa. Hayamaanishi kwamba kila mtu amelipenda pendekezo, wala kwamba wengi wamewashinda wachache, ingawa maana hii ya pili ndiyo inayosikika kila mara mchangiaji anapolalamika kuwa pendekezo lake liliungwa mkono na watu wengi na bado likakataliwa.

Mkanganyiko huo una chanzo kinachoeleweka. Katika miradi ya Apache Software Foundation, taasisi ya programu huria iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, anayeunga mkono huandika +1 na anayepinga huandika −1, na yeyote azionaye tarakimu hizo hushawishika kuzijumlisha. Lakini katika mabadiliko ya msimbo, −1 moja ya mtu mwenye haki ya kura hulisimamisha pendekezo hata kama kumi wameliafiki, mradi ameeleza sababu ya kiufundi. Asipoieleza, pingamizi lake halina uzito wowote. Kuhesabu kuna mahali pake, kama vile kuidhinisha toleo jipya, ambako huhitajika +1 zisizopungua tatu, tena ziwe nyingi kuliko −1, na hapo hakuna mwenye kura ya turufu.

IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, kililieleza jambo hili kwa ukali zaidi katika waraka wa RFC 7282 wa mwaka 2014: watu mia wakikubali na watano wakipinga, huenda maafikiano hayapo, watano wakikubali na mia wakipinga, huenda yapo. Hilo huonekana kichekesho mpaka mtu aulize hao mia wanasema nini, kwa kuwa wakirudia wote pingamizi moja lililokwisha kuchunguzwa na kujibiwa, wingi wao hauliongezei nguvu, ilhali mpinzani mmoja aliyeonyesha kasoro ambayo hakuna aliyeigusa bado anadai jibu.

Kimya nacho hutumiwa vibaya, kinapochukuliwa kuwa ridhaa ya watu ambao hawakuulizwa. Apache hukihesabu kuwa ridhaa, kwa kawaida baada ya saa 72, muda unaowapa nafasi watu wanaojitolea na wanaoishi katika saa tofauti za dunia. Wanaojua taratibu za nikaha watakumbuka kwamba kimya cha bibi harusi ambaye hajawahi kuolewa huhesabiwa kuwa ridhaa kwa sababu ameulizwa kwanza. Ndiyo maana mradi wa Rust, lugha ya kuandikia programu, hutangaza siku kumi za mwisho za maoni kabla ya kupitisha au kukataa pendekezo kubwa.

Basi mwenye pendekezo lililoungwa mkono na watu ishirini, huku swali la mmoja likiwa halijajibiwa, aseme tu kwamba ameungwa mkono na ishirini. Maafikiano atayataja akishamjibu huyo mmoja.