Taa Imezimwa, na Bado Unajitazama
Anaingia chumbani, anazima taa kwanza, ndipo anavua. Fulana anabaki nayo. Mwenzake akipeleka mkono tumboni, anaushika taratibu na kuuhamishia mgongoni. Wanawake wengi niliowashauri wamenisimulia hivyo, kwa maneno yanayokaribiana mno. Wanaume nao wana yao. Anabana tumbo na pumzi tangu mwanzo, halafu anashangaa mbona mwili umemgomea.

Wakija kwangu wanasema hamu imekwisha. Nikiwauliza mawazo yalikuwa wapi saa ile, wananyamaza kidogo, kisha wanakiri kwamba walikuwa wanajiangalia.

Watafiti wa Marekani William Masters na Virginia Johnson waliieleza hali hii mwaka 1970. Mtu yumo kitandani, ila amegeuka mtazamaji wa mwili wake mwenyewe. Huku anaguswa, huku anakagua michirizi, kitambi, au kama uume ungali umesimama. Msisimko hulishwa na kile ngozi inachohisi. Akili ikishaingia kwenye ukaguzi, mguso unapita kama haukuwapo.

Mwaka 1997 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walieleza chanzo kimojawapo: msichana ambaye mwili wake hupimwa na kila apitaye, mwishowe huyaazima macho hayo na kujitazama nayo. Ndiyo maana kuzima taa hakumsaidii sana.

Ushauri wa "jipende kwanza" unaniudhi, niseme wazi. Aliyekwisha kujiona ameshindwa, anaongezewa mtihani mwingine. Sijawahi kumtaka mtu aupende mwili wake ndipo aruhusiwe kuufurahia.

Mimi huwaeleza habari ya breki. John Bancroft na Erick Janssen, watafiti wa Taasisi ya Kinsey, kituo cha Marekani kinachochunguza mambo ya ngono, walipendekeza kwamba msisimko unaendeshwa na mifumo miwili, mmoja wa kuuchochea na mwingine wa kuuzuia. Aibu hukanyaga breki. Ukinunua nguo za ndani mpya na manukato, unaongeza mafuta tu, na gari haliondoki.

Kwa hiyo naanza na zoezi la kina Masters. Wenzi wanagusana kwa zamu, mwanzoni bila kugusa matiti wala sehemu za siri, na tendo lenyewe limepigwa marufuku. Anayegusa anafuatilia joto la ngozi, ulaini au ukavu wake, na uzito wa mkono. Mawazo yakikimbilia kitambi, anayarudisha kwenye kiganja, hata mara ishirini. Wengi hucheka wakisikia marufuku hiyo, lakini ndiyo inayowapumzisha, kwa sababu hakuna tena cha kufaulu wala kufeli.

Mama mmoja aliyeondolewa titi, ambaye ameniruhusu nimsimulie bila jina, alirudi baada ya wiki tatu. Nilitarajia azungumzie kovu. Akanyoosha kiganja chake, akagusa chini ya kidole cha pete. "Mume wangu ana sugu hapa," akasema. "Miaka tisa ya ndoa, nimeijua juzi."