Breka ya 11 kV ikitripu, usiirudishe kwanza

Viwanda vingi vya Dar hupokea umeme wa 11 kV (volti 11,000) au 33 kV, kisha transfoma inaushusha hadi volti 400. Breka, yaani swichi ya kinga, ya upande wa volti kubwa ikitripu (ikijizima yenyewe), msimamizi wa zamu huanza kuuliza mashine zitawaka saa ngapi. Mimi nasoma kwanza relei, kifaa kinachogundua hitilafu na kuiamuru breka ijizime. Ikionyesha hitilafu ya athi (umeme unavujia ardhini), basi kuna mahali insulesheni, ganda linalozuia umeme kuvuja, imetoboka, na ukirudisha breka unaisukumia umeme upya. Tundu dogo kwenye kebo linaweza kuwa mlipuko ndani ya kabati, nawe umesimama mbele yake.

Ichomoe breka, funga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Yale matundu yanayotazama baa (vyuma vinavyogawa umeme ndani ya kabati) bado yana umeme, kwa hiyo vifuniko vyake navyo vipigwe kufuli. Halafu tafuta umeme wa kurudi nyuma: jenereta, sola ya paani, hata transfoma ndogo ya kupimia volti. Ukiilisha upande mdogo, inapandisha hadi 11 kV, na mafundi wengi huisahau.

Kuhakikisha umeme haupo, tumia kipimo cha fimbo kinacholingana na volti hiyo. Jaribu kwanza kipimo chenyewe kama kinafanya kazi, pima fezi zote tatu (nyaya tatu za umeme), kisha kijaribu tena. Bila jaribio la mwisho huwezi kujua kama kilikufa katikati. Kwenye kepasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, subiri dakika 10, halafu bado uziunge na athi, maana resista ya ndani inayomwaga chaji huweza kuwa imeungua. Waya wa athi hufungwa kwanza kwenye baa ya athi, ndipo kwenye fezi kwa fimbo.

Sasa mega, kipimo cha ukinzani wa insulesheni. Kwa mota ya 11 kV natumia volti 5,000, athi ikiwa imeondolewa kwenye koili ninayopima tu. Soma dakika ya 1 na ya 10, gawanya ya pili kwa ya kwanza. Chini ya 2, shuku unyevu au uchafu. Ila dakika ya kwanza ikizidi megaohmu 5,000, uwiano huo hauna maana.

Hapa kwetu, hasa masika, chumvi ya bahari hulala kwenye ncha za kebo na kuvuta maji. Angalia vijistari vyeusi vilivyosambaa kama mizizi: hapo umeme umekuwa ukitambaa, na ncha hiyo ibadilishwe. Kama hakuna, safisha, kausha kwa hita, pima tena kabla ya kuihukumu kebo.

Ukimaliza kupima dakika 10, koili ikae kwenye athi dakika 40 kabla mtu hajaigusa.