Keki ya kanga mbele ya majaji

Wapambaji wanaotaka kuingia mashindano ya keki hunipigia simu na swali moja: nibuni nini? Nami huwauliza kwanza: kanuni umesoma? Humo ndimo utakapokuta ukubwa wa bodi, kama dami inaruhusiwa (ile keki bandia ya povu jeupe), na kama waya ni ruksa. Ukizidisha hata sentimita mbili, kazi ya wiki tatu huenda isihukumiwe kabisa.

Nichukue keki yangu ya kanga. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na ina umbo lake: urefu kama mita moja na nusu, upana kama mita moja. Ndiyo maana nilikata dami ya sentimita 45 kwa 30. Wengi huandika jina katikati ya mji. Mama aliyejifunga kanga tangu usichana wake ataliona kosa hilo kutoka mlangoni! Jina hukaa chini, juu kidogo tu ya pindo. Nililiandika kwa herufi kubwa: NANI KAMA MAMA.

Kazi iliyonila siku nyingi ni michoro ya korosho ya kwenye mji. Jaji huinama mpaka pua inakaribia keki, na anachotafuta ni unadhifu: kona za pindo zimekutana? Korosho ya kumi inafanana na ya kwanza? Kwa aisingi (rojo la sukari) ya kujazia michoro hiyo, ute wa yai moja naupigia kama gramu 250 za sukari ya unga, kisha naongeza maji tone kwa tone. Napitisha ncha ya kisu juu yake. Alama ikifutika kwa sekunde kama kumi, iko tayari. Ikiwahi kufutika, itamwagika nje ya mstari. Ikichelewa, itabaki na mabonde.

Sasa unyevu, ambao sisi wa Dar es Salaam hatuwezi kuukwepa. Mara ya kwanza nililaza keki kwenye friji, asubuhi nikaitoa. Fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa unaofunika keki) ikatoka jasho, nyekundu niliyopaka kwa brashi ikachuruzikia nyeupe. Niliumia sana. Kitu cha baridi kikikutana na hewa yenye unyevu hushika maji, na sukari huyanywa. Siku hizi nyekundu naikanda ndani ya fondanti siku mbili kabla, rangi ikomae, na keki ya dami haioni friji. Mapambo ya kusimama nayatengeneza kwa fondanti iliyokandwa na CMC (unga wa kuikaza), kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, yakauke kwa feni.

Safarini keki naiweka sakafuni mwa gari, kamwe si kwenye kiti, maana kiti kimeinama. Pembeni nabeba korosho sita za akiba, brashi safi na kifuko cha aisingi nyeupe, kwa sababu lazima kuna kona itakayogongwa mlangoni.