Jino Halili Vidonge vya Kalsiamu

Juzi tena. Mama mmoja wa makamo ameketi kitini, hata mdomo hajafungua, kashatoa chupa ya vidonge mkobani. "Daktari, huu mwezi wa tatu nameza kalsiamu na meno bado yanazizima. Niongeze?" Nikahesabu kimoyomoyo mpaka tano. Alikuwa wa nne wiki hiyo, na siku yenyewe ni Jumatano.

Sikilizeni. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, kwa hiyo kalsiamu unayokula ina kazi huko. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haina seli hai hata moja. Jino likishachomoza, seli zilizoijenga zimekwisha kufa, hakuna fundi aliyebaki wa kupokea hiyo saruji. Meza chupa nzima, haitafika panapouma.

Panapouma mara nyingi ni shingoni mwa jino, fizi iliporudi nyuma ikaiacha uchi dentini, ile tabaka iliyo chini ya enameli. Dentini ina vijitundu makumi ya maelfu katika kila milimita mraba, upana wa kimoja ni kama mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) moja hadi mbili na ushee, na vyote vimejaa umajimaji. Baridi au upepo ukipiga, umajimaji ule husogea, neva za ndani zinashtuka. Mtafiti wa meno Brännström wa Sweden alilionyesha hilo miaka ya 1960, na ndilo tunalolitegemea hadi leo. (Kiswahili nacho kinatuchezea: ganzi ni kutohisi, ila "ganzi ya meno" ni kuhisi kupita kiasi. Halafu nije na sindano ya ganzi!)

Kwa hiyo madini hapa ni kizibo, na kizibo hupakwa kwa nje, kwa dawa ya meno ya kupigia mswaki. Ninachokipenda humo ni unga wa kile kioo cha silika, kalsiamu, sodiamu na fosforasi alichobuni mwanasayansi Larry Hench huko Florida, Marekani, mwaka 1969. Yeye alikuwa akitafuta kitu kitakachoshikana na mfupa, meno yalikuja baadaye. Kikilowa mate, sodiamu hutoka, pH hupanda (yaani asidi hupungua), kisha kalsiamu na fosfeti huganda juu ya dentini na ndani ya vijitundu, na polepole hugeuka fuwele za jamii ileile ya madini ya jino. Dawa nyingine zina haidroksiapatiti, ambayo ni hayo madini ya jino yenyewe yakiwa unga laini mno. Mchanganyiko wa arjinini (aina ya asidi amino) na kalsiamu kaboneti, nao huziba. Potasiamu naitreti haizibi chochote, hiyo kazi yake ni kuituliza neva, basi usizichanganye.

Kinachonitoa jasho ni maneno "hurejesha enameli" kwenye maboksi ya dawa hizi. Enameli iliyolainika lakini umbo lake bado limesimama inaweza kurudishiwa madini, na mate yako hufanya hivyo kila siku bila kukutoza. Iliyokwisha kulika haioti tena, hata tyubu iwe na rangi gani. Watu husoma neno moja kwenye boksi, wakajiona wamepata ruhusa ya kuendelea kunyonya ndimu. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoyeyusha kizibo! Tena dentini huanza kuyeyuka kwenye pH ya sita na kitu, wakati enameli huvumilia mpaka karibu 5.5.

Nikiri jambo. Kwenye picha za hadubini vizibo hivi hupendeza, lakini vipande vya meno vinavyopigwa picha hizo maabara havili wala havinywi. Kwenye majaribio, hata waliopewa dawa ya meno ya kawaida, isiyo na kizibo, hupata nafuu, wakati mwingine nafuu ya maana, na ganzi yenyewe hupanda na kushuka itakavyo. Mgonjwa akirudi anacheka, siwezi kuapa kwamba ni kioo na si mswaki laini niliompa. Hata hivyo nampa dawa yenye kioo: mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, ateme bila kusukutua.

Maumivu yanayobaki baada ya baridi kuondoka, au yanayokuamsha usiku, hayana dawa ya tyubu. Njoo.

Na yule mama? Nilipompulizia hewa, meno yaliyomrusha yalikuwa ya upande wa kushoto tu. Nikamwomba anionyeshe anavyopiga mswaki. Akaukamata kwa mkono wa kulia, akasugua kushoto kama anayekwangua sufuria iliyoungulia, kisha mwenyewe akasita, akaniangalia. Vidonge akavirudisha mkobani. Sikumwambia avitupe, mifupa si fani yangu.