Je, wajua kwa nini mashine ya kuchonga chuma kwa cheche hulowekwa kwenye mafuta, na je mafuta hayo yanaweza kuachwa?

Chukua mfuniko wa plastiki wa chupa ya maji, pitisha ukucha kwenye vile vijino vya pembeni. Vilianza kama mifereji myembamba ndani ya moldi, yaani kalibu ya kuumbia plastiki, ya chuma kigumu kweli kweli. Mifereji ya namna hiyo, yenye kina kirefu na kona kali, drili haifiki na kisu cha mashine kinakatika, kwa hiyo mara nyingi inachongwa kwa EDM, yaani umeme unaruka cheche kati ya elektrodi ya shaba au grafaiti na chuma chenyewe bila hivyo viwili kugusana, nafasi katikati ni sehemu ndogo tu ya milimita. Cheche moja inafika nyuzi 8,000 mpaka 12,000 hivi, chuma cha pale kinayeyuka, kingine kinakuwa mvuke, kinabaki kishimo kidogo halafu inakuja cheche nyingine, maelfu kwa sekunde.

Na zote hizo zinapigwa ndani ya tenki la mafuta! Zamani yalikuwa mafuta ya taa kabisa, siku hizi kuna mafuta maalumu lakini mengi bado ni ya ukoo uleule wa petroli.

EDM ilianzia Urusi ya Kisovieti mwaka 1943. Mume na mke wanasayansi, Boris na Natalya Lazarenko, walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia platini za injini, vile vipande vinavyofungua na kufunga umeme wa plagi, zisiliwe na cheche, fundi yeyote wa magari ya zamani anaijua hiyo shida. Wakazitumbukiza kwenye mafuta, platini zikaendelea kuliwa vilevile, ila wakaona kwenye mafuta cheche zinatulia na kula kwa mpangilio kuliko kwenye hewa, basi badala ya kuendelea kupambana nazo wakazipa kazi ya kuchonga. Mafuta yanazuia umeme usivuje ovyo mpaka nafasi iwe ndogo ya kutosha, yanapoza, na yanasomba vumbi la chuma litoke pale kati. Ukiyaondoa lazima uweke kitu kingine kitakachofanya kazi zote tatu.

Kwa nini tuyaondoe? Kwa sababu joto lile linavunja mafuta yenyewe. Ule moshi unaopanda juu ya tenki una kaboni monoksidi, una benzini, na una kemikali za jamii ya lami ambazo baadhi zinasababisha kansa, na anayeuvuta ni fundi aliyeinama pale masaa nane. Halafu chini ya tenki kuna tope jeusi laini kama masizi, ukiliweka kwenye hadubini unakuta ni vijipira vidogo vya duara, vingine vina uwazi ndani, ndio chuma kilichoyeyuka kikaganda ghafla. Kwenye vijipira hivyo kuna nikeli, kromu, na kama ulikuwa unachonga kabaidi, ule mchanganyiko mgumu wa kutengenezea visu vya mashine, basi na kobalti, kwa hiyo tope hilo na filta zilizolinywa si vitu vya kumwaga kwenye mtaro nyuma ya karakana. Sijagusia moto bado: cheche ikipigwa karibu na uso wa mafuta, mvuke unaweza kushika.

Sasa mbadala. Maji yapo tayari, mashine nyingi za EDM zinazokata kwa waya zinatumia maji yaliyoondolewa chumvi na hamna moshi wa mafuta pale, ila waya wa shaba ya njano unapita mara moja tu na kwenda skrepa, nao mzigo huo. Kwenye kuchonga moldi maji yana kero zake, yanaleta kutu na kazi nyingi zinaenda taratibu kuliko kwenye mafuta.

Halafu kuna hewa. Mwaka 1997 watafiti wa Japani, Kunieda na Yoshida, walionyesha kwamba unaweza kuacha kimiminika kabisa, elektrodi inakuwa bomba jembamba na gesi inapulizwa kwa kasi kupitia ndani yake, na ukiongeza oksijeni kasi ya kuchonga inapanda huku elektrodi ikilika kidogo sana. Shida yake vijipira vile vinarudi kunata kwenye chuma, ndio maana wengine wanapuliza hewa yenye ukungu wa maji au mafuta kidogo.

Lakini mbadala unaonivutia kuliko yote ni mafuta ya mimea, hasa mbono, ule mbono kaburi unaooteshwa kwenye mipaka ya mashamba na makaburini. Watafiti India waliujaribu kwenye EDM miaka ya 2010 wakaona unachonga vizuri, na mafuta yake ghafi hayashiki moto kirahisi mpaka yapite nyuzi 200, wakati ya taa yanaweza kuanzia nyuzi 38 tu. Hayaliwi, kwa hiyo hayagombanii chakula. Yanaoza ardhini yakimwagika. Najua mtu atasema mbono tulishaambiwa, makampuni yakachukua ardhi Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya dizeli ya mbono na mambo yakafa, na watu walibaki wameumia kweli. Ila dizeli inachomwa kila siku, tenki la EDM linajazwa lita mia kadhaa na yanazunguka kwenye filta muda mrefu, kiasi hicho miti ya mpakani inaweza kukitoa bila kumnyang'anya mtu shamba. Kinachosumbua ni uzito, mafuta ghafi ni mazito, hayatiririki kirahisi, na hayasombi tope vizuri kwenye mifereji myembamba, kwa hiyo yanapitishwa kwanza kwenye kemikali kama yanavyofanywa ya dizeli mpaka yawe mepesi, na yakikaa na hewa moto yanaharibika, lazima yawekewe kinga na kupimwa.

Kama una karakana na huna mbono leo, anza na feni ya kuvuta moshi juu ya tenki, hakikisha kazi imezama vizuri chini ya mafuta maana mafuta ya juu yanapoza na kunasa sehemu ya mvuke, vaa glavu, tope lihifadhiwe kwenye pipa lenye mfuniko mpaka lichukuliwe na wenye kibali cha taka hatarishi. Na angalia bili ya umeme, kwenye mashine nyingi pampu na kipoozeo vinakula umeme mwingi kuliko cheche yenyewe, halafu vinaachwa vinaunguruma usiku kucha wakati kazi iliisha saa mbili.