Kwa nini kamera za picha zilikuwa zikikata video kwenye dakika 29 na sekunde 59?

Kwenye sendofu moja Tanga, babu wa bibi harusi alisimama kutoa nasaha. Mzee alikuwa na mengi, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kamera kubwa niliiacha kwenye stendi ikirekodi, mimi nikazunguka na ya mkononi kutafuta nyuso za kina mama. Niliporudi, ile ya kwenye stendi ilikuwa imeacha kurekodi. Mzee alikuwa amefika mahali anapomtaja marehemu mkewe na jinsi walivyoanza maisha. Kipande kile hakimo kwenye video ya familia hiyo, na mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Faili lilikuwa na urefu wa dakika 29 na sekunde 59.

Nikasema ni joto. Ukumbi ulikuwa umejaa, feni mbili hazifanyi kazi, na Tanga mwezi wa pili inajulikana. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha hivyo vijana niliokuwa nao kazini: kamera ya picha haikutengenezwa kwa video, ikifika nusu saa inachemka, inajizima ili isiungue. Tukawa tunaiwekea kitambaa chenye maji juu ya mgongo wake. Maelezo yale yalikuwa na mantiki, wenzangu wengi walikuwa nayo, na hayakuwa kweli.

Aliyeyabomoa ni kijana mmoja, baada ya harusi ya asubuhi Lushoto. Kulikuwa na ukungu, watu wamevaa masweta. Kamera ilikata palepale, dakika 29 na sekunde 59. Akaniuliza, "Kaka, sasa na hapa joto limetoka wapi?"

Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Joto halitunzi saa. Sufuria ya chai haichemki kwa dakika zilezile siku ya mvua na siku ya jua, juu ya mkaa mkavu na juu ya mkaa uliolowa. Kama joto ndilo lingekuwa linakata, kamera ingekata dakika ya 22 Tanga na ya 40 Lushoto, na siku nyingine isingekata kabisa. Kitu kinachosimama kwenye sekunde ileile pwani na milimani kinafuata hesabu iliyoandikwa ndani yake.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuwepo sokoni tangu 2014. Mwaka huo Panasonic ilitoa GH4, kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, yaani kile kioo ambacho kamera za zamani zilikitumia kurusha picha kwenye tundu la kutazamia. GH4 iliyouzwa Ulaya ilikata kwenye dakika 29 na sekunde 59. GH4 iliyouzwa Marekani iliendelea mpaka kadi ijae au betri iishe. Mwili uleule na prosesa ileile, kwa hiyo na joto lilelile. Mwaka uliofuata Ulaya ikaletewa toleo lililoitwa GH4R, ambalo halikuwa na kikomo hicho.

Kabla sijafika kwenye jibu, kuna maelezo ya pili ambayo nayo niliyashika kwa muda: kwamba tatizo ni ukubwa wa faili. Haya yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanadumu. Kadi nyingi za zamani zilipangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika gigabaiti 4. Canon 5D Mark II ya 2008, kamera iliyowaingiza wapiga picha wengi kwenye video, ilikuwa ikifika gigabaiti 4 baada ya dakika kama 12 za video ya ubora wa juu, inasimama. Lakini kikomo hicho kinategemea wingi wa data. Ukipunguza ubora, dakika zinaongezeka. Na 5D Mark III ya 2012 ilishapata dawa yake: faili likijaa inafungua jingine bila kuacha kurekodi. Hata hivyo, jumla ikifika dakika 29 na sekunde 59, nayo ilisimama.

Jibu lenyewe liko forodhani.

Umoja wa Ulaya una orodha ndefu inayopanga kila bidhaa inayoingia na ushuru wake. Kamera ya dijitali ya kupiga picha iliingia bila ushuru. Kamera ya kurekodi video ilitozwa asilimia 4.9. Kamera za picha zilipoanza kurekodi video, wenye forodha walihitaji mstari wa kuzitenganisha. Wakauchora hivi: kamera yenye uwezo wa kurekodi kwa mfululizo angalau dakika 30, kwa ubora wa pikseli (nukta za picha) 800 kwa 600 au zaidi na fremu 23 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde au zaidi, ihesabiwe kuwa ya video. Isiyofika hapo ibaki kamera ya picha.

Angalau dakika 30. Watengenezaji wakaandika 29:59 kwenye programu ya ndani ya kamera. Kwenye kamera ya yuro 1,500, sekunde moja ile iliokoa ushuru wa yuro 73 na nusu. Zidisha kwa maelfu ya kamera.

Nilipolielewa hili nilikaa kimya kwa muda. Sauti ya mzee wa Tanga haikukatwa na jua wala na kadi, ilikatwa na aya ya sheria ya forodha iliyoandikwa Ulaya kwa ajili ya bandari za Ulaya. Wala si mara ya kwanza jambo kama hili kutokea. Kamkoda za kanda za miaka ya 1990 zilizouzwa Ulaya mara nyingi zilifungwa tundu la kuingizia video kutoka nje, kwa sababu likifunguka mashine inahesabiwa kuwa rekoda ya video na ushuru unapanda. Waya upo, saketi ipo, ila mlango umefungwa kwa programu.

Na mstari huo ulikuja kufutwa karibu kabisa na kwetu. Desemba 2015, Shirika la Biashara Duniani lilifanya mkutano wake wa kumi wa mawaziri Nairobi, ndani ya jengo la mikutano la KICC. Hapo wanachama 53 wakakamilisha upanuzi wa Mkataba wa Teknolojia ya Habari, wakakubaliana kuondoa ushuru kwenye bidhaa 201, kamera za video zikiwemo. Makato yakaanza 2016, na kwa sehemu kubwa ya bidhaa yalipangwa kuisha ndani ya miaka mitatu. Mimi wakati huo niliuona mkutano ule kwenye taarifa ya habari kama misafara ya magari tu. Sikujua kwamba ndani yake limo jambo la stendi yangu.

Hapa inabidi niwe mwangalifu, maana ni rahisi kutoka kwenye kosa moja na kuangukia jingine. Kusema 29:59 haikuwa joto si kusema joto ni hadithi. Sony a6300 ya 2016 ilijulikana kwa kupata joto ikirekodi 4K (video yenye upana wa nukta kama 4,000) na kusimama kabla hata ya nusu saa. Na Canon R5 ilipotoka 2020 ilikuja na vikomo viwili kwa pamoja: ile 29:59 ya zamani, na kikomo cha joto, ambapo Canon yenyewe ilitaja dakika kama 20 za 8K (upana wa nukta kama 8,000) kwenye hewa ya nyuzi 23. Nyuzi 23 ni ofisi yenye kiyoyozi. Ushuru ulikuwa umeshashughulikiwa, lakini kikomo kikabaki kwenye kamera. Kwa maoni yangu kilibaki kwa sababu kilisaidia kuitenga kamera ya picha na kamera ya sinema, ambayo ni ghali zaidi. Hayo ni maoni, si kama habari ya forodha ambayo imeandikwa.

Joto lenyewe linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu siku hizi ndilo linalobaki kuitofautisha kamera ya picha na ya sinema.

Anza na kazi inayofanyika. Fremu moja ya 8K kwenye umbo lake pana zaidi ina nukta zaidi ya milioni 35. Kwa fremu 30, kamera inasoma zaidi ya nukta bilioni moja kila sekunde, inazipanga, inazibana na kuzisukuma kwenye kadi. Umeme unaotumika kwenye kazi hiyo unageuka joto, na joto hilo lazima liende mahali.

Sasa fikiria usiku wa joto pwani. Chumba hakina feni. Mtu anayejua kulala pwani anaacha kitanda na kujilaza sakafuni, mgongo wazi juu ya saruji. Sakafu inamvuta joto, kwa sababu amegusana nayo. Mtu huyohuyo mtundike kwenye machela ya wavu katikati ya chumba hichohicho: sakafu ipo, ina ubaridi uleule, lakini haimsaidii kwa sababu hawagusani.

Kihisi cha kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, kiko kwenye machela. Kimening'inizwa kati ya sumaku ili kisogee kinyume na mtikisiko wa mkono wako na picha itulie. Kwa mpiga picha ni neema kubwa, kwani mkono unatetemeka na picha inatoka safi. Lakini kitu kinachotakiwa kuelea hakiwezi kufungwa kwa skrubu kwenye bamba nene la chuma, na joto lake linatoka kwa shida. Kisha mwili wa kamera umezibwa ili vumbi na mvua visiingie. Kilichozuia maji kuingia kinazuia na hewa ya moto kutoka.

Kamera ya sinema imelaza kihisi chake sakafuni. Nyingi hazina mfumo wa kukielesha. Kimeshikamana na chuma kinachobeba joto mpaka kwenye njia ya hewa, na kwenye njia hiyo kuna feni. Hewa hiyo imetengewa mfereji wake, kwa hiyo vumbi halifiki kwenye saketi. Bei yake ni mwili mkubwa, sauti ndogo ya feni ambayo mtu wa maiki ataisikia chumba kikiwa kimya, na mkono wako kukosa msaada.

Mfano safi kuliko yote ni ndugu wawili wa Canon. R5 ya 2020 ina kihisi cha pikseli milioni 45 kinachoelea, haina feni. Mwaka 2022 ikaja R5 C: pikseli zilezile milioni 45, ila mfumo wa kuelea umeondolewa na feni imewekwa nyuma. Ndugu wa pili anarekodi 8K bila kuhesabiwa dakika. Wamemshusha kwenye machela, wamemlaza sakafuni, wakamwashia feni.

Ningependa kuishia hapo kwa sababu mfano unakaa vizuri, lakini Sony waliutatiza. FX3 ya 2021, iliyo kwenye familia ya kamera zao za sinema, ina kihisi kinachoelea na ina feni pia. Ndugu yake a7S III ya 2020 haina feni. Humo walitumia grafaiti, jamii ya ile iliyo kwenye penseli, kuvuta joto kutoka kwenye kihisi. Zote mbili zina pikseli kama milioni 12 tu, na uchache huo ni msaada mkubwa kwenye joto, maana mzigo wa kusoma ni mdogo. Kwa hiyo machela peke yake si hukumu. Ni mzigo, njia ya kutokea, na hewa inayosukuma.

Anayepiga picha na video kwenye kazi moja, kama wengi wetu wa harusi, namshauri asianze na jina lililoandikwa kwenye boksi. Akipiga vipande vya sekunde 20 na picha za mnato katikati, kamera isiyo na kioo inapata muda wa kupumua na ile machela inamfaa kila dakika. Akirekodi mahubiri, mhadhara au nasaha za wazee kwa saa nzima bila kukata, feni ina thamani kuliko pikseli. Kama hana uwezo wa kamera yenye feni, ashushe ubora. 4K inayotokana na kihisi kusoma nukta zote kisha kuzipunguza ni nzuri sana kwa macho, na ndiyo inayochemsha. 4K ya kawaida ni nyepesi zaidi.

Kamera za kizazi cha 29:59 bado zinazunguka, na nyingi huku kwetu zinafika kama mitumba kutoka Ulaya. Mkataba uliokamilishwa Nairobi haukuingia ndani ya programu zao. Sasa nikienda kununua naomba kiti, naiweka kamera kwenye ubora nitakaoutumia kazini, nabonyeza kitufe na kusubiri dakika 31. Ikisimama kwenye 29:59 kamili na kukubali kurekodi tena palepale, najua ni ile hesabu ya forodha, na kazini nitasimama karibu nayo, nitaibonyeza upya mzee akivuta pumzi. Ikisimama dakika nyingine yoyote na alama ya kipimajoto ikatokea kwenye skrini, ni joto, na kubonyeza kitufe upya hakutanisaidia mpaka ipoe. Ikiendelea huku ikigawa faili, ni kadi tu, nitaunganisha nikihariri. Wauzaji wengi hawapendi kunisubiri. Nakaa.